Kengele Moja, Watu Wawili

Wiki hii imetangazwa rasmi kwamba tawi letu litafungwa, mdogo wangu amejifungua salama huko Korogwe, na mvua imeangusha ukuta wa uani. Lakini kila nikishika kalamu, kinachonijia ni maneno machache aliyoniambia Mama usiku wa kuamkia Jumatano.

Kengele ililia saa nane. Ilikuwa mara ya kwanza kwake kuibonyeza usiku, kwa hiyo niliruka kitandani na kuvuka ukumbi bila viatu, nikiwa na ile furaha ya fundi anayeona kitu chake kimekubali. Mama alikuwa macho, ubavu wa kiganja chake cha kulia ukiwa bado juu ya kitufe.

“Nimekuja, Mama.”

“Si wewe, baba.”

“Unahitaji nini?”

“Niitie Mwanaidi.”

Nikaenda kumwita Mwanaidi, anayetusaidia kumhudumia Mama, ambaye alikuwa amelala fofofo chumba cha nyuma, nikarudi kitandani, na usingizi haukuja tena. Tangu apate kiharusi, sauti ya Mama imekuwa bapa; maneno hutoka moja moja na kwa uzito uleule, kiasi kwamba huwezi kujua kama ameuliza, ameagiza au amekaripia. Ndiyo maana nimeyarudia maneno yale nikiwa ndani ya daladala, nikiwa dukani, na hata katika kikao ambamo tulikuwa tunaelezwa hesabu za mafao yetu, nikiyasikia mara kama karipio, mara kama taarifa tu, na mara kama ombi la mtu anayeona haya. Hilo neno “baba” la mwishoni lilikuwa la kunipoza, au ni mazoea tu?

Yaliniuma kwa sababu kitufe kile nilikitengeneza mwenyewe. Wasomaji wa siku nyingi wanajua kwamba kiharusi kilipiga upande wa kulia wa ubongo, mwili wa kushoto ukalegea, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo akatuonya kwamba kitu chochote kikiwekwa kushoto kwake anaweza asikitambue kabisa, hata kama macho yake ni mazima. Ikabaki kulia, na huko nako baridi yabisi ilikwisha kumharibia vidole zamani. Kengele zinazouzwa madukani, hata zile za kuvaa shingoni zinazonadiwa kwa ajili ya wazee, zimebuniwa kwa mtu mwenye dole gumba lenye nguvu. Zile zisizotumia betri ndizo mbaya zaidi, maana umeme wake hutokana na huko kubonyezwa, na mkono dhaifu haufui umeme.

Basi nilinunua kengele ya kawaida ya mlangoni, isiyo na waya, Barabara ya 12, nikachagua ile ambayo hata kipokezi chake, yaani kile kinacholia, hutumia betri, kwa kuwa kengele inayonyamaza umeme ukikatika haina maana kwa mtu asiyeweza kujigeuza. Ndani ya kitufe chake mlikuwa na betri bapa ya volti 3 na swichi ndogo ya aina ambayo mara nyingi hudai msukumo wa gramu 160 na zaidi, juu yake kukiwa na mpira mgumu. Sikuing'oa. Nililehemu nyaya mbili kwenye miguu yake, nikazipeleka kwenye tundu la milimita 3.5, lile la hedifoni, kwa sababu vibonyezo vingi vinavyotengenezwa kwa watu wenye ulemavu wa viungo hutumia plagi hiyohiyo. Siku mkono huu nao ukichoka, nitachomoa hiki na kuchomeka cha shavuni au cha mguuni bila kuigusa kengele yenyewe. Kwa sasa nimechomeka swichi iliyotolewa katika kipanya cha kompyuta kilichokufa, ambayo huridhika na msukumo mdogo sana, na juu yake nimebandika kifuniko cha kopo la mafuta ya mgando ili ubavu wa kiganja upate pa kutua. Ule mlio wake mdogo wa “tik” niliuacha kwa makusudi, kwa sababu anayebonyeza asiposikia chochote hubonyeza tena na tena mpaka mkono ukakamae.

Mwanaidi ndiye aliyenitoa gizani, Alhamisi jioni, akichagua mchele, bila hata kuniangalia.

“Baba Salma, Bibi akiita usiku huwa ameloa. Wewe ni mwanawe wa kiume.”

Akaendelea kuchagua mchele. Nami nilihisi mzigo ukinitoka, nikataka kucheka. Mama hakuwa amenikataa. Alikuwa na kengele moja inayomwamsha yeyote aliye karibu, na saa nane za usiku yeyote si mtu anayeweza kumbadilisha nguo mama mzazi. Tulipokuwa wadogo alitoa kichwa dirishani akaita jina, na aliyetajwa ndiye aliyekwenda; wengine tuliendelea na mchezo. Kwa nini leo akose haki ya kuchagua?

Ijumaa nilinunua seti ya pili, na kazi ile niliifurahia kuliko ya kwanza. Kila kitufe hutuma msimbo wake, kwa hiyo kipokezi cha Mwanaidi, kilichohamia chumba cha nyuma, hakisikii changu, na changu hakisikii chake. Cha Mwanaidi kimebaki pale kiganja kinapotua bila kutafuta, maana ndicho cha dharura na ndicho cha aibu. Changu nimekiweka kwenye kiwiko, nikakivika kipande cha kanga ili akitambue gizani kwa kugusa, na vyote viwili nimevifunga kwa pini kwenye shuka kwa namna inayoruhusu kuvihamisha kila tunapomgeuza, kila saa mbili, kwa kuogopa vidonda vya kulalia. Mama alivijaribu akiwa amefumba macho. Hakusema kitu, ila alivijaribu tena.

Jana saa tatu usiku ulilia mlio wangu. Nilikwenda, safari hii nikitembea.

“Ule mpaka,” akasema. “Wa Muheza. Umekwenda?”

Sijakwenda. Jirani wa shamba letu la huko, nasikia, amekwisha kupanda michungwa upande wetu wa mfereji. Mwenyekiti wa kitongoji hajapokea simu yangu tangu Idi. Na karatasi pekee tuliyo nayo ni ya mauziano ya mwaka 1987, yenye alama ya dole gumba la shahidi ambaye alikwisha kufariki. Nauli ninayo, lakini sijui nikifika nitamwonyesha nani karatasi hiyo, na miche ikishashika mizizi itakuwa vigumu kumpata mtu wa kuamuru ing'olewe.