Spika mbili za dari, Chumbageni

Machi 2019, masika hayajaanza bado, nilikwenda Tanga kumfungia shemeji yangu spika za dari. Nyumba iko Chumbageni: paa la bati, dari ya jipsamu, upepo wa bahari unaingia mchana kutwa. Sebuleni alikuwa nazo tayari spika tano za chini, sabufa (spika ya besi), na risiva ya chaneli saba, yaani kikuza sauti kinachoweza kuendesha spika saba. Kilichobaki ni sauti ya juu, ile ya Dolby Atmos, mfumo wa kampuni ya Dolby wa sauti zinazosikika hadi juu ya kichwa, iliyoanza kwenye kumbi za sinema mwaka 2012 na kuingia majumbani mwaka 2014.

"Shemeji, nataka nne, tena za inchi nane," akaniambia tukiwa bado kwenye chai. Mpwa wangu alikuwa amekwisha kutumwa Kariakoo na kurudi na boksi.

Ndani ya boksi mlikuwa na spika nne nyeupe za inchi sita, bei nafuu. Nikaipindua moja. Mgongoni ilibeba transfoma ndogo yenye nyaya za rangi tofauti, na lebo iliyoandikwa volti 100, wati 3, wati 6.

"Mjomba, muuzaji kasema hizi ndizo za dari."

Za dari ni kweli, lakini ni za matangazo: msikitini, kanisani, dukani, stendi ya basi. Hufungwa nyingi kwenye laini moja ndefu inayoendeshwa na amplifaya ya volti 100, na transfoma ndiyo inayoipa kila spika mgao wake. Risiva ya nyumbani inatarajia spika yenye ukinzani wa omu 4 hadi 8. Spika ya volti 100 ikiwekwa kwenye wati 6, risiva inaiona kama omu 1,670 hivi, kwa hiyo karibu hakuna nguvu inayopita na sauti inatoka hafifu sana. Transfoma yenyewe hukata besi. Ukiing'oa, kinachobaki mara nyingi ni koni moja ya karatasi isiyo na twita, kile kispika kidogo cha sauti nyembamba. Yeyote anayenunua spika ya dari aigeuze kwanza: ikiwa na transfoma, na hakuna swichi ya kuihamishia kwenye omu 8, airudishe rafuni. Zile zilirudi dukani, na muuzaji akakubali kubadilishana na waya.

Habari ya spika tukaiweka kando mpaka kiti kipimwe. Sikio la mtu aliyeketi kwenye sofa lile lilikuwa sentimita 100 kutoka sakafuni, na dari sentimita 280. Tofauti yake, sentimita 180, ndiyo namba ya kuanzia hesabu zote. Mwongozo wa Dolby unataka spika mbili za juu zikae kati ya nyuzi 65 na 100 ukipima kutoka sikioni, ambapo nyuzi 0 ni mbele ya uso na 90 ni utosini. Kwa sentimita 180 zetu, nyuzi 65 zinaangukia sentimita 84 mbele ya msikilizaji, na nyuzi 100 zinaangukia kama sentimita 32 nyuma yake. Zikiwa nne, jozi ya mbele hukaa kati ya nyuzi 30 na 55, na ya nyuma kati ya 125 na 150.

Hapo ndipo nne za shemeji zilipokwama. Sofa lilikuwa limeegemea ukuta, kichwa kiko sentimita 50 tu kutoka ukutani. Jozi ya nyuma, hata ukiipa pembe ndogo kabisa ya nyuzi 125, inadai sentimita 126 nyuma ya kichwa. Ingeangukia nje, barazani.

"Na sofa likisogezwa mbele?" akauliza dada.

Lingesogea zaidi ya sentimita 76, lizibe mlango wa korido, na kumweka kila mtu karibu mno na runinga. Dada mwenyewe akalikataa wazo lake. Isitoshe, risiva ya chaneli saba inaendesha spika tano za chini na mbili za juu, mpango unaoandikwa 5.1.2: tano za kuzunguka, sabufa moja, mbili za juu. Nne za juu zingehitaji vikuza sauti tisa. Wako wanaozilazimisha nne juu ya sofa lililobanwa ukutani, jozi ya nyuma ikae utosini na ya mbele isogezwe ili zisigusane. Zikilia, masikio hayazitofautishi, na helikopta inayopaswa kupita juu ya chumba inaganda mahali pamoja. Jozi moja iliyokaa mahali pake inafanya kazi vizuri kuliko mbili zilizobanana, na pesa ya jozi ya pili inaweza kununua jozi ya kwanza iliyo bora.

Kwa upana tulizipanga katika mstari wa spika za mbele za kulia na kushoto, sentimita 110 kila upande wa katikati ya sofa. Kwenda mbele tulichagua sentimita 50 kutoka kichwani, kama nyuzi 74. Pangaboi liko katikati ya chumba, mabawa yake yanafagia sentimita 70 kutoka kwenye mhimili, na matundu yetu yalikaa zaidi ya mita moja kutoka ncha za mabawa. Hilo lilikuwa muhimu, kwa sababu bawa linalopita kati ya spika na sikio huikatakata sauti, na twita ndiyo inayoathirika kwanza.

Sasa ukubwa. Spika ya dari inatazama chini, na msikilizaji hayuko chini yake hasa. Kwa vipimo vyetu, aliyeketi katikati ya sofa alikuwa nyuzi 34 pembeni ya mhimili wa kila spika. Aliyeketi ncha ya sofa alikuwa nyuzi 46 kutoka kwenye spika ya upande wa pili. Kwa hiyo swali la kwanza dukani ni hili: je, spika inatawanya sauti kwa upana wa nyuzi 45 kila upande bila kupoteza sauti nyembamba? Koni ya inchi 8 huanza kuibana sauti yake karibu na hezi 2,000 (mitetemo kwa sekunde), ya inchi 6.5 karibu na hezi 2,600, na twita kwa kawaida inapokea kazi kwenye hezi 2,500 hadi 3,000. Ile kubwa inaacha pengo: inakuwa imekwisha kubana kabla twita haijapokea. Besi ambayo inchi 8 ingeongeza hatukuihitaji, maana sabufa ipo. Tukakubaliana inchi 6.5, twita ikiwa katikati ya koni na inayoweza kuinamishwa kama nyuzi 15 kuelekea sofa.

Shemeji alikuwa bado anatazama wati. Boksi moja lilijisifu kwa wati 300, bila kusema ni za kudumu au za kilele. Nikamwonyesha namba nyingine, ya usikivu: desibeli 87, kipimo cha ukubwa wa sauti, kwa wati 1 ukiwa mita 1. Kutoka dari yake hadi sikioni ni kama mita 2.2, kwa hiyo kwa wati 1 inafika kama desibeli 80, na kila ukiongeza nguvu maradufu unapata desibeli 3 zaidi. Wati 16 zinakufikisha 92, na hapo mazungumzo sebuleni yamekwisha. Spika ya desibeli 90 ingetoa sauti hiyohiyo kwa nusu ya nguvu. Usikivu na utawanyaji nilivipa uzito, namba kubwa ya boksini nikaiacha.

Halafu kuna bahari. Kingo za povu zinazoshikilia koni hukauka na kumomonyoka kwenye joto na unyevu, kwa hiyo tulitaka kingo za mpira na koni ya polipropilini badala ya karatasi. Grili nzuri zisizo na fremu, zile zinazonasa kwa sumaku, kwa kawaida ni za chuma, na Tanga chuma chembamba kinatoa kutu upesi. Tulichukua grili za alumini za kusukuma kwa kidole. Dada alizipenda kidogo kuliko zile nyingine, lakini rangi yake ingedumu. Na kwa kuwa spika za mbele zilikuwa na twita ya kitambaa, tulitafuta ya dari yenye twita ya kitambaa vilevile, ya kampuni hiyohiyo. Sauti inapopanda kutoka mbele kwenda juu isibadilike rangi njiani.

Waya alioleta mpwa wangu niliukwangua kwa kisu. Juu ulikuwa mwekundu wa shaba, ndani mweupe. Ni alumini iliyopakwa shaba, na ukinzani wake unazidi wa shaba tupu kwa zaidi ya nusu. Ukarudi nao. Tulitumia shaba tupu ya milimita mraba 1.5, mita 12 kwa kila spika. Kwenda na kurudi ni mita 24, ukinzani kama omu 0.28, yaani asilimia 3.5 ya spika ya omu 8. Ikivuka asilimia 5, panda hadi milimita mraba 2.5. Juu ya dari tuliuweka sentimita 30 mbali na nyaya za umeme, na pale pasipoepukika tuliuvusha kwa pembe mraba. Wote ulipita ndani ya bomba la plastiki, kwa sababu panya wa darini hawachagui.

Kukata jipsamu ni kazi ya nusu saa ikiwa umetafuta reli za chuma kwanza. Tulizitafuta kwa sumaku. Reli moja ilipita kwenye ukingo wa tundu la kushoto, tukasogeza matundu yote mawili sentimita 6 mbele. Yote mawili, maana ukisogeza moja tu pande hazilingani tena. Pembe ikashuka hadi karibu nyuzi 73, bado ndani ya kipimo. Tundu lilikuwa na kipenyo cha milimita 208, lililochorwa kwa karatasi iliyokuja na spika na kukatwa kwa msumeno mwembamba wa mkono. Juu ya ubao tuliweka pete ya plaiwudi ya milimita 9, ili makucha ya spika yabane mbao badala ya kuponda jipsamu. Skrubu tulizikaza kwa bisibisi ya mkono. Drili inapasua makucha ya plastiki kabla hujajua.

Nyuma ya kila spika tulifunga kasha la plaiwudi lenye nafasi ya ndani ya sentimita 40 kwa 40 kwa 20, lita 32. Mtengenezaji aliandika hewa isiyopungua lita 28. Kasha dogo kuliko hapo huifanya spika ivume. Ndani tuliweka pamba ya kioo bila kuisindilia. Kasha lilining'inizwa kwenye mbao za paa, halikukaa juu ya jipsamu. Linazuia vumbi na popo, lakini chini ya bati kazi yake kubwa ni mvua: tundu la spika lililo wazi ni dirisha la kelele za masika kuingia sebuleni.

Kabla ya kubandika grili tuligusisha betri ya volti 1.5 kwenye ncha za waya upande wa risiva, chanya kwa nyekundu. Koni ya kulia ilitoka nje kama inavyotakiwa, ya kushoto ikaingia ndani. Waya ulikuwa umegeuzwa njiani. Hitilafu hii haiunguzi kitu, ila sauti za spika mbili zinafutana na watu wanailaumu spika.

Kwenye menyu ya risiva tulichagua spika za katikati-juu. Kuna chaguo jingine la spika zinazorusha sauti darini ili iakisiwe. Ukilichagua kwa spika za darini, risiva huichakata sauti kwa namna isiyofaa. Pangaboi likazimwa, friji ikazimwa, maikrofoni ikawekwa juu ya kigoda cha miguu mitatu usawa wa sikio. Risiva ilipima umbali wa mita 2.2, sawasawa na futi yetu. Kikomo cha besi cha spika za juu ilikipanga hezi 60. Tukakipandisha hadi 100, sabufa ichukue kilicho chini yake.

Tulipopitisha mlio unaopanda kutoka hezi 40 hadi 200, dari ilizizima upande wa kushoto karibu na hezi 130. Spika ilikuwa salama. Iliyotetemeka ni ile reli ya chuma, ambayo jipsamu haikuwa imeshikwa vizuri kwake. Skrubu nne za jipsamu ziliinyamazisha.

Mpwa wangu akaketi katikati, macho yamefungwa, kazi yake kuonyesha kwa kidole sauti inakotoka. Mlio wa juu ulipolia akaonyesha juu mbele kidogo. Ulipohama kushoto kwenda kulia, kidole kikafuata bila kuruka.

Filamu ya kwanza, hata hivyo, ilitoka stereo tu. Runinga ilikuwa imewekwa itoe PCM, yaani sauti iliyokwisha kufunguliwa na runinga yenyewe, na kwenye PCM hiyo maelezo ya sauti za juu hayapiti. Tukaipanga ipitishe sauti kama ilivyo, na risiva ikaandika Atmos. Mpira wa king'amuzi uliendelea kuja kwa stereo. Kwa huo tuliiachia risiva iutandaze yenyewe hadi darini, tukapunguza spika za juu desibeli 2, kwa sababu shemeji alitaka mashabiki wabaki uwanjani na mtangazaji asikike.