Mishubiri Mvuani: Safari ya Tresco

Meli iling'oa nanga Penzance asubuhi, manyunyu yakitiririka kwenye vioo, na kwa muda wa karibu saa tatu sikuona ila bahari ya kijivu na ukungu. Wengi wa wenzangu walikuwa wakifuata fukwe na ndege. Mimi nilifuata mishubiri, mikonge na jamaa zao wa nchi kame, ambayo nilikuwa nimesikia inaishi nje, bila paa la vioo, katika kisiwa cha Tresco, mojawapo ya visiwa vya Scilly, kusini-magharibi mwa Uingereza.

Kilichonisukuma ni msiba mdogo. Majira ya baridi yaliyotangulia, mpungate niliokuwa nimeutunza kwa miaka sita ulikufa dirishani kwangu. Juu ulikuwa wa kijani, mzima kabisa. Nilipougusa shinani, kidole kilizama. Ndani kulikuwa na uji wa kahawia wenye harufu ya uvundo. Niliulilia, na nikalaumu baridi.

Kutoka kisiwa cha St Mary's tulivushwa kwa mashua. Bustani ya Tresco Abbey ilianzishwa na Augustus Smith, aliyekodi visiwa hivi mwaka 1834, akaipanda kuzunguka magofu ya nyumba ya watawa. Adui wa kwanza alikuwa upepo wa chumvi, ndiyo maana ikapandwa mikanda ya miti mirefu ya kuukinga. Bahari nayo hupunguza makali ya baridi, kwa hiyo jalidi ni nadra. Nadra tu: ile ya Januari 1987 iliua sehemu kubwa ya mimea, na miaka mitatu baadaye dhoruba ikaangusha miti mingi ya kinga. Karibu yote niliyoyaona yamepandwa upya, na nilipanda ngazi zile nikiwaheshimu sana waliokataa kukata tamaa.

Matuta ya juu ndiyo makavu zaidi. Hapo nilisimama mbele ya mkonge mkubwa wa Mexico, mvua ikinyesha juu yetu sote. Majani yake yakiwa machanga hukua yamekumbatiana kwa nguvu, na yanapofunguka kila jani hubaki na chapa ya miiba ya jirani yake: safu ya alama hafifu, kama meno yaliyobanwa kwenye nta. Nilizifuata kwa kidole kutoka chini hadi juu.

Ila kilichonifundisha kilikuwa ukutani. Eoniamu, mmea wa asili ya Visiwa vya Kanari, ulikuwa umejishikiza kwenye ufa kati ya mawe mawili, majani yake yamepangika kama ua, na matone yamekaa juu yake bila kulowesha. Nilichutama. Nyuma ya shina kulikuwa na kiganja cha udongo, si zaidi, na maji yalipita humo yakashuka zake. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi, lakini mizizi haikuwa imeketi majini.

Hapo nilielewa kosa langu. Mimea mingi ya aina hii hufungua vitundu vyake vya kupitishia hewa usiku na kuvifunga mchana ili kutunza maji. Jua likipungua na baridi ikiingia, karibu haihitaji kunywa. Mimi nilikuwa nikiumwagilia mpungate wangu kila Jumapili katika udongo mzito. Maji yalibaki, mizizi ikakosa hewa, ukungu wa kuozesha ukaingia. Kuna mpungate mdogo unaoota porini hadi Kanada, chini ya theluji. Kabla ya baridi hujikausha na kusinyaa, ndipo huponea. Wangu niliujaza maji, kisha nikauacha kwenye kioo cha dirisha chenye baridi kama barafu.

Niliporudi nilianza na mpungate mwingine. Nusu ya chungu ni kokoto ndogo, mahali pake ni dirisha lenye mwanga mwingi kuliko yote, na toka Oktoba sikuumwagilia hata tone. Ulisinyaa, mbavu zikajitokeza, na zaidi ya mara moja nilishika birika kwa huruma nikalirudisha. Mwishoni mwa Machi niliunywesha. Asubuhi ya siku ya tisa, ubavuni kulikuwa na kichomozo chekundu, kidogo kama kichwa cha kiberiti.