Orodha ya Wauzaji wa Vifaa vya Milimita

Tangu nilipofungua karakana ndogo ya useremala huku Marekani, nimekuwa nikitunza orodha ya wauzaji wa vifaa vilivyotengenezwa kwa vipimo vya meta. Niliianza siku futi kamba niliyokuja nayo kutoka nyumbani ilipokatika, nikazunguka maduka matatu ya vifaa vya ujenzi bila kupata hata moja yenye milimita pekee. Leo orodha hiyo inatumiwa na mafundi wenzangu wengi, na kwa hiyo kosa langu moja huwafikia wengi.

Wengi hudhani kwamba vipimo vya meta havitambuliki hapa. Viliruhusiwa kisheria tangu 1866, na sheria ya 1988 ikavitaja kuwa ndivyo vinavyopendelewa katika biashara; ila sheria ya 1975 iliuacha uhamaji wenyewe uwe wa hiari, kila sekta ikaamua lake. Magari yamehamia kwenye milimita, ndiyo maana spana namba 10 na 13 zipo kila mahali na siziorodheshi. Mbao na karatasi zimebaki kwenye inchi.

Kupata majina ya wauzaji si kazi. Kazi ni kuwahakiki. Katalogi inaweza kutaja milimita ilhali bidhaa ni ya inchi iliyobadilishwa jina tu. Ukiona 12.7 au 25.4, ujue hiyo ni nusu inchi na inchi moja. Afadhali huyo aliyeandika namba pamoja na desimali zake, kuliko anayeziondoa: fimbo ya chuma ya robo inchi ina milimita 6.35, na akiiandika 6, haitaingia katika tundu la milimita 6 ulilolitoboa kwa kumwamini.

Mezani ninapoandika nina bolti mbili. Moja ni M8, yenye kipenyo cha milimita 8 na milimita 1.25 kati ya uzi na uzi. Nyingine ni ya inchi, yenye kipenyo cha 5/16 ya inchi, yaani milimita 7.94, yenye nyuzi 18 katika kila inchi. Kwa macho ni mapacha. Nati ya ile ya inchi hushika kwenye M8 mzunguko mmoja au miwili, kisha hukaza. Fundi mwenye haraka atadhani ni kutu, ataongeza nguvu na kuukata uzi. Ndivyo ilivyomtokea mwenzangu alipokuwa akifunga kitanda cha mtoto, kwa nati zilizotoka kwenye pakiti yenye lebo ya M8. Muuzaji yule nilimwingiza mimi kwa kusoma katalogi yake tu, na jambo hilo liliniuma sana.

Tangu hapo siandiki jina kabla bidhaa haijapimwa kwa venia, kifaa cha kupimia vipenyo hadi sehemu ndogo za milimita, na mimi au na mtu ninayemwamini. Kila jina lina tarehe ya uhakiki wa mwisho, na ikipita miezi sita naliondoa mpaka nipige simu tena, nikiuliza kama mzigo upo dukani au unaagizwa nje, na kiasi cha chini wanachouza. Karatasi za A4 ndizo zinazonirudisha kwenye simu mara nyingi zaidi, kwa sababu maduka huziweka msimu mmoja na kuziacha. Futi kamba ya meta 5 yenye milimita pekee imebakiwa na muuzaji mmoja tu katika orodha. Nilizungumza naye Jumatatu, na anazo kumi na moja.