Unanong'ona Kama Tumeiba

Foleni ilikuwa imetoka nje ya ukumbi wa shule, ikafuata uzio wa uwanja wa mpira hadi kwenye maegesho ya magari. Ilikuwa Jumanne, tarehe 5 Novemba 2024, siku ya uchaguzi wa rais, katika mji mmoja wa jimbo la Kentucky, Marekani. Bibi alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani, na mkononi ameshika mfuko wa nailoni wenye kitambulisho, pasipoti na cheti cha uraia. Nilimwambia kitambulisho peke yake kinatosha.

"Wewe hujui karatasi," akanijibu. "Mimi nimeishi ndani ya karatasi."

Si bibi yangu wa kuzaliwa. Yeye ni Mrundi, mimi ni Muha wa Kasulu, Tanzania. Kiha na Kirundi ni ndugu, lakini tulipokutana kanisani tuliangukia kwenye Kiswahili na tukabaki humo. Alikimbia Burundi mwaka 1972, wakati wa mauaji yale ya Wahutu, akiwa msichana wa miaka 17, akaenda Uvira, Zaire, yaani Kongo ya leo. Vita vya 1996 vikamtoa Uvira, akavuka Ziwa Tanganyika na kuishia kambi ya Mtabila, wilayani kwetu. Mwaka 2007 akawa miongoni mwa wale Marekani iliowachukua kwa jina la Warundi wa 1972. Burundi hakuwahi kupiga kura, Zaire alikuwa mkimbizi, Tanzania alikuwa mkimbizi. Siku ile ya foleni alikuwa na miaka 69, na hakuna serikali iliyokuwa imewahi kumuuliza anamtaka nani.

Uraia aliupata 2023, kwa Kiswahili. Wenzetu wengi hawajui kwamba jambo hilo linawezekana. Aliyefikisha miaka 55 na kuwa mkaazi wa kudumu kwa miaka 15 husamehewa mtihani wa Kiingereza, na maswali ya historia na serikali huyajibu kwa lugha yake. Mkalimani wake nilikuwa mimi. Kwa miezi kadhaa tulikaa jikoni kwake tukichambua maharage na kurudia maswali yote 100, maana wakati ule uliulizwa 10 tu na hukujua ni yapi. Kuna moja linasema: yapo marekebisho manne ya Katiba kuhusu nani anaweza kupiga kura; eleza moja. Yanakubalika majibu kadhaa, lakini Bibi alichagua lilelile kila mara: si lazima ulipe kodi ndipo upige kura. Baba yake aliwahi kulala mahabusu kwa kukosa kodi ya kichwa. Jibu lile lilimkaa.

Basi tukiwa kwenye foleni nikawa namweleza jinsi karatasi ya kura ilivyo, tukizungumza kwa sauti ya kawaida, kama watu wanaosubiri daladala. Mwanamume mmoja mbele yetu akageuka, akatutazama, kisha akamwambia mwenzake bila kujificha: "Hawa nao wanapiga kura? Hata Kiingereza hawajui."

Mwaka ule maneno ya namna hiyo yalikuwa yameshuka kutoka juu. Mwezi Februari Donald Trump alikuwa amesema hadharani kwamba nchini zinaingia lugha ambazo hakuna mtu anayezizungumza. Kwenye mdahalo wa tarehe 10 Septemba akasema wahamiaji wa Springfield, Ohio, jimbo jirani na letu, wanakula mbwa na paka za watu. Alikuwa akiwasema Wahaiti, na viongozi wa mji huo walieleza kwamba hakuna ushahidi wowote. Baada ya hapo, kazini kwangu, mtu niliyezoeana naye aliniuliza kama na sisi tunakula. Aliuliza akicheka. Mimi sikucheka.

Sikumjibu yule wa kwenye foleni. Lakini nilifanya jambo ambalo bado linaniuma: nilishusha sauti. Nikaendelea kumweleza Bibi mambo yale yale kwa kunong'ona, nimemwinamia sikioni, na kila aliyepita karibu nikanyamaza mpaka apite.

Bibi hakuwa ameelewa Kiingereza cha yule mtu. Uso alikuwa ameuelewa.

"Huyo anatusema?"

"Achana naye, Bibi."

"Basi ongea kwa nguvu, mjukuu wangu. Unanong'ona kama tumeiba."

Aliitamka kwa Kiswahili chake cha Uvira, kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto. Watu kama kumi waligeuka. Nikainua sauti.

Mezani, kijana aliyekuwa akikagua majina alimpata Bibi kwenye orodha bila shida. Nilipomwambia kwamba nitaingia naye nimsomee, akakataa. Alisema kura ni ya siri na kila mtu anaingia peke yake. Hakuwa mkali, na naamini kweli hakujua. Nikatoa karatasi niliyokuwa nimeichapisha na kuikunja mfukoni: kifungu cha 208 cha Sheria ya Haki za Kupiga Kura, kilichoongezwa mwaka 1982. Kinampa asiyeona, mwenye ulemavu na asiyeweza kusoma au kuandika haki ya kusaidiwa na mtu amtakaye mwenyewe, ila asiwe mwajiri wake au wakala wa mwajiri, wala kiongozi au wakala wa chama chake cha wafanyakazi. Kijana akamwita msimamizi, mama mmoja Mmarekani Mweusi mwenye mvi, miwani ikining'inia kifuani. Akaivaa, akalamba kidole, akafunua kijitabu chake cha maelekezo ukurasa kwa ukurasa. Foleni ikasimama. Nilisikia mtu akiguna nyuma yetu.

Katika dakika zile nilikuwa nikifikiri jambo moja. Katika majimbo ya Kusini, kwa miongo mingi, kusoma ndiko kulikogeuzwa komeo la mlango. Mtu Mweusi aliyetaka kujiandikisha alipewa kifungu cha katiba akisome na kukifafanua, na aliyeamua kama amefaulu alikuwa karani Mzungu peke yake. Watu walipigwa kwenye daraja la Selma, Alabama, Machi 1965 kwa ajili ya haki ya kupiga kura, na Sheria hiyo ya Haki za Kupiga Kura ikatiwa saini tarehe 6 Agosti mwaka huohuo. Mwaka 1975 Bunge likaongeza ulinzi wa lugha, yaani kusaidiwa kupiga kura kwa lugha yako, lakini kwa makundi manne tu: wanaozungumza Kihispania, Waasia, Wenyeji wa Asili na wale wa Alaska. Kiswahili hakimo. Kentucky yenyewe imekitangaza Kiingereza kuwa lugha rasmi tangu 1984. Bibi alikuwa na kifungu kile kimoja cha kushika, na mimi wa kumsomea.

Yule mama akafunga kijitabu. Akatoa fomu ya kiapo, akaweka kidole mahali pa saini. Bibi akaandika jina lake herufi moja moja, nami nikaweka langu.

Kwenye kibanda nilisoma kwa sauti. Majina ya wagombea tuliyamaliza upesi. Tulikwama kwenye swali la katiba ya jimbo, lile la kwanza. Lilitaka kujua kama katiba ibadilishwe ili asiye raia wa Marekani azuiwe kupiga kura Kentucky. Katika uchaguzi wa taifa sheria ilikuwa tayari imelikataza hilo. Nililitafsiri neno kwa neno, bila kuongeza langu.

Bibi akaishika kalamu juu ya karatasi bila kuandika.

"Asiye raia," akasema. "Ndiyo mimi wa mwaka juzi."

"Ndiyo."

"Na wa miaka yote ile."

"Ndiyo, Bibi."

Alikaa kimya muda mrefu kuliko alivyokaa kwa swali lolote la rais. Kisha akakijaza kiduara polepole, akikizungusha wino mpaka weupe wote ukaisha. Alichojaza ni siri yake. Matokeo ya jimbo yanajulikana: pendekezo lilipita kwa kura nyingi.

Tarehe 1 Machi 2025 Trump alipotia saini amri ya kukifanya Kiingereza lugha rasmi ya nchi nzima, Bibi alinipigia simu usiku kuuliza kama bado ataruhusiwa mtu wa kumsomea. Nikamweleza kwamba amri ya rais haifuti sheria ya Bunge. Akaniuliza mara ya pili. Mara ya tatu akaniambia ile karatasi niliyoikunja mfukoni nisiitupe.

Siku ile ya kura alitaka kuiingiza mwenyewe kwenye mashine. Ikaivuta karatasi kama inavyomeza, na kwenye kioo kidogo namba ikatoka 611 ikawa 612. Bibi akainama kuisoma. Namba anazijua.

"Hiyo ya mwisho ni mimi?" akauliza, kwa nguvu.

"Ni wewe, Bibi," nikamjibu, kwa nguvu vilevile.