Binti wangu wa umeme, leo saiti
Jamani, acha niseme. Nimerudi nyumbani na furaha.

Mimi ni mwalimu wa umeme wa majumbani. Kwa miaka mingi vijana wangu walijifunza kwenye karakana ya chuo, kisha fildi wiki chache, na huko wengine waliishia kutumwa vocha na chai. Iliniuma sana. Mpango ambao VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi Tanzania, iliufanya pamoja na chama cha mafundi cha Hamburg, Ujerumani, ndio ulionifungua macho: mwanafunzi anakaa chuoni kwa muda, anarudi kazini kwa muda, hadi amalize, na kule kazini yupo fundi mwenye jukumu la kumfundisha. Wenzetu Wajerumani wana hata taasisi ya taifa ya mafunzo ya ufundi, BIBB, iliyoanzishwa 1970 na sasa iko Bonn. Kwenye bodi yake serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi wanakaa meza moja. Kwangu hilo la waajiri kukaa mezani lina thamani kuliko mashine yoyote ya msaada.

Basi leo nimemfuata binti mmoja, mwanafunzi wangu, saiti, Mbezi. Yuko juu ya ngazi, jasho linamtoka, anapima waya mmoja mmoja kwa testa kabla ya kugusa. Mara akasimama.

"Fundi, shikamoo tena, samahani. Huku athi haijafungwa." Athi ni ule waya wa kupeleka umeme ardhini ukivuja.

Mzee, fundi anayemfundisha, akapanda, akaangalia, akashuka taratibu.

"Kweli, mwanangu. Ifunge wewe."