Sio dawa ya chochote

Huku kwetu Arusha ukisimama mbele ya mmea zaidi ya dakika mbili, na mkononi huna panga wala kamba ya kufungia majani, lazima mtu akuulize hiyo ni dawa ya nini. Labda ni Tanzania nzima sijui, ila huku juu Ilboru imezidi. Mmea ni dawa, au ni kuni, au ni chakula cha ng'ombe, na kama sio chochote kati ya hivyo basi fyeka. Sasa mimi nina kichaka changu ninachokipenda ambacho hakiingii popote hapo na leo nataka nikiandike kidogo.

Kipo kando ya njia ya kupandia Ilkiding'a, pale walipochonga ukingo kupitisha barabara wakaacha udongo wazi. Kinanizidi urefu kidogo. Majani yake ni matatu matatu kwenye kikonyo kimoja, ukiyaona utasema maharage yaliyoamua kuwa mti, na kwa juu maua yamesimama kwenye vishada virefu, rangi ya njano iliyochanganyika na kijani, yaani njano ya kitu ambacho hakijaiva vizuri. Ukiliangalia ua moja kwa upande unaona ndege, kabisa, mdomo upo, mabawa yapo, na kila mtu niliyewahi kumuonyesha anaanza kuhesabu ndege kwenye kishada. Kitaalamu ni Crotalaria agatiflora, aliyeupa jina ni Mjerumani Georg Schweinfurth, na kwao ni hukuhuku Afrika Mashariki, kwenye vilima vya baridi kuanzia Ethiopia kushuka mpaka kwetu. Ni jamii ya kunde, ndugu wa karibu wa ile marejea ambayo wamisionari wa Peramiho kule Ruvuma waliipigia debe sana kwa wakulima kama mbolea ya shamba. Ukoo wenyewe wa Crotalaria ni mkubwa balaa, aina karibu 700 duniani, na mwaka 1982 Roger Polhill wa bustani ya Kew, Uingereza, alipomaliza kuzipanga za Afrika na Madagaska alipata zaidi ya 500. Kwa hiyo hawa watu nyumbani kwao ni Afrika, huko kwingine wametembea tu.

Kilichonishika mimi ni ua. Maua ya jamii ya kunde mengi yana mpangilio mmoja, chukua la mbaazi au la njegere utaona: petali moja kubwa imesimama kwa nyuma, hiyo ni bendera, mbili za pembeni ni mabawa, na mbili za chini zimeshikana zikatengeneza mkuku wa mashua. Kwa huyu wetu, mkuku umejikunja ukamalizikia kwenye mdomo mrefu uliochongoka wenye tundu dogo kwenye ncha. Ndani yake kuna stameni 10, yaani viungo vya kiume vinavyobeba chavua kwenye vichwa vyao, zote zimeungana chini zikawa bomba moja lenye mpasuko kwa juu, halafu tano zina vichwa virefu na tano zina vichwa vidogo vya duara, zimepishana, ndefu fupi ndefu fupi. Zile za vichwa virefu zinapasuka mapema ua likiwa bado tumba na kumwaga chavua kule mbele kwenye mdomo, kwa hiyo ua linapofunguka risasi tayari ziko kwenye chemba, kinachosubiriwa ni mtu wa kuvuta.

Na huyo mtu ni yale manyuki makubwa meusi, yale yanayotoboa mbao za kenchi na kukuletea hasara nyumbani. Linatua juu ya mabawa, uzito wake unayashusha pamoja na mkuku, ila stameni na ile shina ya kike iliyo katikati hazishuki, zinabaki palepale, na hiyo shina ina vinyweleo kwa juu, basi inasukuma chavua itokee kwenye lile tundu, uzi mwembamba wa njano, kama unavyominya dawa ya meno, na unampaka nyuki tumboni wakati yeye mwenyewe yuko bize na nekta iliyofichwa huko chini kabisa. Akiondoka mkuku unarudi juu na kufunga. Anayefuata anapewa chavua nyingine, haitoki yote mara moja. Unaweza kufanya mwenyewe kwa vidole, shika mabawa shusha taratibu, utaona. Nyuki wadogo wa asali wanakuja wanahangaika weee wanaondoka, hawana kilo za kufungua huo mlango. Chozi, vile vindege vya kung'aa vya mdomo uliopinda, vyenyewe navionaga vinachokonoa kwa pembeni kwenye shina la ua, vinakunywa bila kulipa. Wezi kila mahali jamani.

Jumapili moja niko hapo nashusha mabawa na kuachia, akapita yeyo mmoja, yaani mama wa Kimaasai, na mzigo wa majani kichwani. Nikamwamkia, shikamoo yeyo, marahaba, akasimama. "Hiyo ni dawa ya nini?" Nikamwambia sio dawa yeyo, naangalia ua tu. Akaliangalia yeye pia, kwa heshima, halafu akasema huo wao hawakati, ng'ombe anauacha. "Sasa kama sio dawa na ng'ombe hali, wewe unaangalia nini?" Nikaanza habari za nyuki na uzito, akasikiliza mpaka mwisho, akacheka, akaniuliza kama nimeoa. Safari ikaendelea.

Ila ng'ombe ana akili. Ukoo wa Crotalaria umejaa kemikali zinazoitwa alkaloidi za pirolizidini, na zenyewe zikiwa kwenye jani hazina neno kubwa, shida zinaanza ini likizichakata, maana ini ndo linazigeuza sumu, yaani kiungo chako cha kusafisha ndo kinajimaliza chenyewe, tena polepole, mnyama anaweza kula leo ukaja kumuona anakonda baada ya wiki nyingi na hukumbuki kabisa alikula nini. Na sio wanyama tu. Jamaica miaka ya 1950 madaktari walikuwa wanapata watoto wenye matumbo yaliyojaa maji na maini yaliyoharibika, mishipa midogo ya damu ndani ya ini imeziba, na walipofuatilia wakafika kwenye chai za majani ya porini ambazo wazazi walikuwa wanawapa watoto kama dawa, na mmoja wa mimea yenyewe ni Crotalaria. Wazazi wenye upendo kabisa. Kwa hiyo nikiona kwenye magrupu ya WhatsApp mtu katuma picha ya kimmea na maelezo kwamba ni jamii ya kunde hivyo kina protini na kinasafisha ini, damu inanichemka. Undugu na maharage sio cheti cha usalama. Na kinachochanganya ni kwamba wapo ndugu wanaoliwa kweli, ile mboga ya mitoo wanayopika Wajaluo na Waluhya ni Crotalaria pia, ila hizo ni aina zake na watu wanaozila wanazijua kwa vizazi, sio unachuma tu barabarani kwa sababu jani linafanana.

Hapa sasa ndo pananifurahisha. Yupo mmoja ambaye kwake ni dawa, kipepeo dume. Yule wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi na madoa meupe, mnamjua, yuko kila bustani, Danaus chrysippus. Madume yanakuja kwenye matawi yaliyonyauka au kuvunjika ya mimea hii, yanafyonza zile alkaloidi, hayatafuti chakula, yanaenda kutengenezea harufu ya kumtongozea jike. Dume asiyepata hiyo kitu jike hamuelewi. Dawa ya mvuto basi, mganga amepatikana, mteja ana mabawa. Kuna na kinondo kimoja cha ukoo wa Utetheisa, kiwavi wake anakula mmea huohuo pamoja na mbegu, sumu inabaki mwilini, na anayejaribu kukitafuna baadae anakitema.

Chini kwenye mizizi kuna vinundu vyenye bakteria wa kunasa naitrojeni ya hewani, ukikata kinundu kizima ndani ni chepinki, ni leghemoglobini hiyo, inashika oksijeni isije ikaharibu kazi ya bakteria. Ndo maana naona kimeota kwenye ukingo uliochongwa ambapo kingine hakitaki. Maganda yakikauka yamefura, mbegu zimeachia ndani, ukitikisa yanalia, na watoto wa pale wanayajua vizuri kuliko mimi.

Halafu watu wa Australia na Afrika Kusini waliuchukua huu mmea wakaupanda bustanini kwa ajili ya hao ndege, ukawatoroka, sasa wanaufukuza kama gugu. Sisi tunaufyeka ili tupande bogenvilia ya Amerika Kusini. Sina ugomvi na bogenvilia, hata kwa mama mkwe zipo getini. Ila huyu nisingempanda nyumbani hata hivyo, nina sungura na nina watoto wa jirani wanaoweka kila kitu mdomoni, abaki hukohuko barabarani.

Kuna matawi mawili nimeyabana kwenye magazeti juu ya kabati, maua yamekauka vizuri na rangi bado ipo. Aina hii imegawanywa tena ndani kwa ndani na mimi nataka kujua wetu wa Ilboru ni upi, na bahati nzuri hifadhi ya taifa ya mimea iliyokaushwa iko hapahapa Ngaramtoni, pale ambapo wengi tunapajua kwa habari za viuatilifu tu. Nikipata mtu wa kunikalia dukani nitapanda hiace niwapelekee. Nategemea wao angalau hawataniuliza inatibu nini, ingawa mlinzi wa getini ataniuliza tu.