Meza ya mama ilikuwa wapi Mwanjelwa?

Nimerudi Mbeya baada ya miaka mingi London nikitafiti kumbukumbu, na ushauri wangu wa kwanza kwa mtafiti mwenzangu anayefungasha mizigo ni huu: usitaje panya. Nilimweleza mama mdogo kwamba kazi yangu ni kuchunguza ubongo wa panya, jinsi unavyotunza woga na jinsi unavyojibadilisha. Akanitazama kwa huruma. "Panya? Mbona hata Uyole tunao, baba. Si ungebaki tu." Kesho yake mtaa mzima ulikuwa nayo. Waliobaki kuniita daktari walikuja na presha na miguu inayowaka moto. Nilipowaambia mimi si tabibu, waliondoka wananung'unika kwamba shule yote ile imekwenda na maji.

Bajaji zimejaa Kabwe hadi Mafiati, barabara kuu inapanuliwa, Songwe ni mkoa tangu 2016, na uwanja wa ndege umehama mjini. Hayo nilishayapata kwa simu. Kilichonivuruga ni meza ya mama.

Mliofika Mwanjelwa, soko letu la hapa Mbeya, kabla halijaungua 2006 mtanielewa. Mama alikuwa na meza pale. Kwa ninavyokumbuka mimi, ilikuwa jirani na wauza viazi, na nyuma yake alikaa fundi cherehani. Nikitoka shule nilikaa chini ya meza na ungo mapajani, nachambua mawe kwenye mchele wa Kyela. Kila jiwe nililitupia kwenye kopo la Blue Band, likalia ti! Ughaibuni, baridi ilipozidi, hiyo ndiyo sinema yangu. Nimeisimulia kwa wenzangu maabara, kwa wanafunzi, hata kwa mwenye nyumba wangu.

Jumapili baada ya chakula nikaitaja. Kaka akasema fundi cherehani hakukaa pale, alikuwa upande wa mitumba. Dada akasema fundi alikuwepo, ila wauza viazi ndio hawakuwepo. Mama akaweka kikombe chini. "Nyote mnaota. Mimi nilikuwa karibu na mabucha. Na sikuuza mchele, niliuza maharage. Mchele nimeanza baada ya moto."

Maharage! Nikakataa. Bado nakataa. Naziona punje nyeupe, nalisikia kopo. Lakini ninajua pia kisichojulikana pale mezani. Mwaka 2000 watafiti wa ubongo Karim Nader, Glenn Schafe na Joseph LeDoux waliwafundisha panya kuogopa mlio uliofuatwa na shoti ndogo ya umeme. Baadaye waliwasikilizisha mlio ule tena, kisha wakawachoma ndani ya amigdala, sehemu ya ubongo inayoshughulika na woga, dawa inayozuia seli kutengeneza protini. Woga ukapungua. Panya waliopewa dawa bila kukumbushwa mlio waliendelea kuogopa kama kawaida. Maana yake, kumbukumbu ikiamshwa hulegea, na lazima ifungwe upya kwa protini mpya. Sasa piga hesabu. Mama hakuwa na sababu ya kuikumbuka meza ile; alikuwa na meza nyingine ya kuhangaikia. Mimi niliitoa na kuirudisha majira yote ya baridi ya maisha yangu. Kumbukumbu yangu ni noti ya elfu iliyopita mikono mingi, nami ndiye ninayeringa kwamba yangu ndiyo safi.

Halafu wakahamia kwenye moto, na hapo utani ukaisha. Kaka anasema ulianza usiku wa manane. Dada anasema alfajiri, alikuwa anachota maji. Mama anasema aliamshwa na jirani aliyegonga dirisha, na kaka anaapa kwamba aliyegonga ni yeye. Ningewaeleza habari za mwanasaikolojia Ulric Neisser, aliyewaandikisha wanafunzi wake asubuhi iliyofuata ajali ya chombo cha anga Challenger, Januari 1986, jinsi walivyoipata habari. Baada ya miaka zaidi ya miwili aliwauliza tena. Wengi walikosea mambo makubwa, baadhi wakasimulia mengine kabisa, tena kwa uhakika mkubwa, na hata walipoonyeshwa maandishi yao wenyewe, ile ya kwanza haikuwarudia. Nilifungua mdomo niseme. Mama akanikata: "Wewe tulia. Hukuwepo."

Kweli sikuwepo. Nilipata moto ule kwa simu, vocha ikakatika katikati. Wao wanabishana juu ya saa na dirisha, lakini wanabishana kama watu wa ndani. Mimi hata kukosea pamoja nao siruhusiwi.

Jumatatu nikaenda sokoni mwenyewe. Kuta mpya, ngazi, fremu, vizimba, nikapotea. John O'Keefe, aliyepata Nobeli 2014, aligundua kwenye hipokampasi ya panya, sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu na ramani za mahali, seli zinazotuma ishara mnyama akiwa mahali fulani tu, na tangu hapo imeonekana kwamba ukibadilisha umbo la chumba, seli zilezile zinaweza kuchora ramani nyingine. Waliobaki wamechorewa Mwanjelwa mpya kidogo kidogo, siku kwa siku. Mimi nilikuja na ile ya zamani na kujigonga ukutani. Mzee mmoja muuza vitunguu alisema anamkumbuka mama vizuri sana. Akanionyesha sehemu ya nne.

Mengine kwa kifupi. Mnaorudi Juni au Julai, bebeni masweta. Baridi ya Uyole ndiyo kitu pekee nilichokikuta kama nilivyokiacha. Vyeti vitahojiwa na vijana wasiojua hipokampasi ni mdudu au ugonjwa; vumilieni, mnyamaze.

Na kama mzazi wako aliuza Mwanjelwa kabla ya moto, naomba msaada. Usimuulize, "Si kulikuwa na mama aliyeuza mchele karibu na viazi?" Mwanasaikolojia Elizabeth Loftus alionyesha tangu 1974 kwamba neno moja ndani ya swali linatosha kubadilisha anachokumbuka shahidi. Uliza tu: nani walikaa wapi, waliuza nini. Muulize akiwa peke yake, andika alivyosema, weka tarehe. Na usimsomee kwanza haya niliyoandika.